Wasomaji Wanauliza: Kusomea unasihi wa uraibu

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali za ziwa, kuanzia Nyakato hadi Nansio, na zote zinahusu kusomea kazi ya kuwasaidia watu walionaswa na pombe, unga, mirungi au bangi. Tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Shahada yenyewe siioni kitabuni

*Shikamooni wahariri. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HKL. Historia nimepata C, Kiswahili D, Kiingereza E, na GS (General Studies) nina C. Nataka kusomea kazi ya kuwasaidia walevi na vijana wa unga. Nimepekua kitabu cha udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mara mbili na "Shahada ya Unasihi wa Uraibu" sijaiona. Halafu kaka yangu anasema alama zangu ni 6, rafiki yangu anasema ni 9 ukiweka GS. Nani mkweli? – Binti wa Nyakato*

Marahaba, binti yetu. Wote wawili wamekosea, lakini matokeo yako si mabaya. A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. TCU inataka angalau masomo mawili makuu uliyofaulu kwa E kwenda juu, yenye jumla ya 4.0. Ni mawili tu, si matatu, na GS haiingii kabisa katika hesabu. Wewe unachukua C ya Historia na D ya Kiswahili, unapata 5. Mlango wa kwanza umeshauvuka.

Mlango wa pili ndio unaowaangusha wengi. Kila programu ina safu yake ya sifa, na mara nyingi safu hiyo inataja masomo yanayokubalika, wakati mwingine na ufaulu wa kidato cha nne katika Baiolojia au Hisabati. Unaweza kuwa na 5 na ukakosa, kwa sababu Kiswahili hakimo katika orodha ya programu uliyoomba. Soma mstari huo neno kwa neno kabla hujalipia maombi. Hakikisha pia unasoma kitabu cha mwaka huu na cha kundi lako: TCU hutoa viwili, kimoja cha waliotoka kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada. Faili linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi ni la mwaka uliopita.

Sasa jina la shahada. Usilitafute neno uraibu. Hapa nchini wanaoifanya kazi hii wengi wameingia kupitia ustawi wa jamii, saikolojia, unasihi, sosholojia, na kwa upande wa afya kupitia uuguzi na utabibu. Ukishapata programu 3 au 4 zinazokubali masomo yako, nenda chuoni au piga simu uombe orodha ya kozi za miaka yote mitatu. Humo tafuta mambo manne: stadi za unasihi, magonjwa ya akili, kozi inayofundisha jinsi pombe na dawa zinavyofanya kazi mwilini, na fildi, yaani mafunzo ya vitendo, yenye msimamizi anayetajwa kwa cheo. Programu yenye jina zuri lakini fildi yake ni kupanga mafaili ofisini, sisi tungeiacha. Mkoani kwetu Mwanza unaweza kuanza kuulizia vyuo vikuu vya SAUT pale Malimbe, CUHAS pale Bugando kwa fani za afya, na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ambako ustawi wa jamii ndio mhimili wa chuo chenyewe.

Kama utaomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, kabla dirisha halijafunguliwa. Wengi hukwama hapo, si kwenye alama.

GPA ya 2.8

*Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, GPA 2.8, nafanya kazi Sengerema. Wagonjwa wa pombe tunawaona kila wiki na nataka shahada inayonielekeza huko. Nimeambiwa basi, sina njia. – Muuguzi, Sengerema*

Njia unayo, ila ni ndefu kidogo. Kwa mwenye stashahada TCU inataka GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, D kwenda juu. Kwa 2.8 pita programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ile wanayoiita foundation. Inapokea stashahada yenye GPA kuanzia 2.0. Ili ikuvushe kwenda shahada unatakiwa utoke na GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya kundi lako. Unaweza kuisoma ukiwa kazini. Usikubali mtu akuuzie "kuboresha GPA" kwa njia nyingine yoyote.

Fildi ya wiki nane mwaloni

*Niko mwaka wa pili, ustawi wa jamii. Nimepangiwa fildi ya wiki nane katika kituo cha mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kinachohudumia wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Wengi ni wanywaji wa pombe kali na gongo, wachache wanatumia unga. Darasani tumesoma nadharia tu. Nianzeje, na wanafunzi hukosea wapi? – Mwanafunzi, Buhongwa*

Barua yako tutaijibu kwa urefu, mdogo wetu, maana mnasihi anatengenezwa fildi.

Wiki ya kwanza usimnasihi mtu. Kaa pembeni, tazama, jifunze fomu. Wenye fani wameigawa kazi hii katika majukumu 12: kuchuja, kumpokea mteja, kumweleza utaratibu, kufanya tathmini, kuandaa mpango wa tiba, kunasihi, kusimamia kesi, kushughulikia dharura, kutoa elimu, kutoa rufaa, kuandika kumbukumbu, na kushauriana na wataalamu wengine. Angalia, kunasihi ni jukumu moja tu kati ya 12. Chukua daftari, kila jukumu ulipe ukurasa, na uandike siku ulipolitazama, siku ulipolifanya mbele ya msimamizi, na siku ulipolifanya peke yako. Ukifika wiki ya nne ukakuta ukurasa wa rufaa bado mweupe, mfuate msimamizi useme hivyo. Kituo chenye shughuli nyingi kitakuachia mwanafunzi kazi ya kupokea wateja tu hadi mwisho usipojisemea.

Chombo utakachokishika kila siku ni AUDIT, maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu pombe, jumla ya alama 0 hadi 40. Tumia tafsiri ya Kiswahili. Ipo iliyopimwa kwa wagonjwa wa majeraha kule Moshi. Usitafsiri mwenyewe ukiwa umekaa na mteja, kwa sababu ukibadilisha neno umebadilisha swali. Alama 8 hadi 15 unampa ushauri, 16 hadi 19 unamnasihi kwa muda mfupi na kumfuatilia, na kuanzia 20 unampeleka kwa mtaalamu achunguzwe zaidi.

Wanafunzi wengi huharibu AUDIT kwenye swali la pili, linalouliza mtu hunywa vinywaji vingapi siku anapokunywa. Chombo kinahesabu vipimo vya gramu 10 za kilevi. Mteja anahesabu chupa. Kanuni ni hii: mililita, mara asilimia ya kilevi, mara 0.789. Bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina ml 25 za kilevi, sawa na gramu 19.7, yaani karibu vipimo 2. Kichupa cha ml 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina ml 70 za kilevi, gramu 55, yaani vipimo 5 na nusu. Mvuvi anakwambia, "Mimi nakunywa kimoja tu." Ukiandika kimoja, swali la pili linampa alama 0. Ukikihesabu kichupa vizuri, yuko kwenye vipimo 5 hadi 6 na anapata alama 2. Akinywa viwili amefika 11, na hapo ni alama 4, ya juu kabisa. Swali la tatu nalo, la mara ngapi amefikisha vipimo 6 au zaidi kwa mkao mmoja, linabadilika vilevile. Kwa hiyo chupa tupu za aina zinazouzwa mwaloni ziweke mezani, mteja anyooshe kidole, hesabu ufanye wewe. Gongo usiipigie kanuni hii, maana ukali wake unategemea mpishi na mpiko. Andika glasi ngapi, glasi ya ukubwa gani, na zilimfanya nini.

Jambo la pili la mwaloni ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi hukaa nchi kavu siku kama 7 hadi 10, wamelipwa na hawana kazi. Swali la kwanza la AUDIT linauliza mtu hunywa mara ngapi. Ukimuuliza wakati wa giza atakwambia hanywi, na hakudanganyi. Ukimuuliza wakati wa mbalamwezi atasema kila siku, na hapo pia anasema kweli. Muulize vyote viwili. Mtu anayekunywa siku 10 za mbalamwezi na siku 2 za giza ana siku 12 kwa mwezi, karibu mara 3 kwa wiki, na hiyo ni alama 3. Miadi nayo uipange hivyohivyo. Ukiandika "kila Jumanne" umempoteza, kwa sababu giza likiingia atakuwa visiwani kwa wiki mbili au tatu. Mwoneni mara mbili au tatu ndani ya mbalamwezi moja, mkubaliane atakavyojilinda siku ya malipo, kisha miadi iandikwe kwa mbalamwezi ijayo.

Mazungumzo yenyewe. Utatakiwa kuandika maongezi ya kikao neno kwa neno, kwa safu tatu: alichosema mteja, ulichosema wewe, na ulichohisi au kufikiri wakati ule. Andika siku hiyohiyo. Ukilala nayo utaandika ulichotamani kusema. Kosa ambalo safu ya pili hulifichua ni mwanafunzi kuuliza maswali mfululizo kama karani wa polisi, mengi yakianza na "kwa nini". Kwa Kiswahili chetu "kwa nini" ina sauti ya kukaripia. Tazama:

Mteja anasema, "Nikipata hela ya dagaa, miguu yenyewe inakwenda kilabuni." Mwanafunzi anauliza, "Kwa nini usiende nyumbani moja kwa moja?" Mteja anajibu, "Ndiyo hivyo, nitajitahidi." Maongezi yamekufa hapo. Sasa mwanafunzi mwingine, kwa maneno yaleyale ya mteja, anasema, "Yaani hela ikishaingia mfukoni, uamuzi unakuwa si wako tena." Mteja ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Si wangu kabisa. Asubuhi watoto wananitazama, nashindwa hata kuwasalimia." Sentensi hiyo ya watoto ndiyo uliyokuwa unaisubiri, maana ameitaja mwenyewe sababu ya kubadilika. Utaratibu huu wa kuakisi badala ya kuhoji ulianzishwa na William Miller mwaka 1983 na kuendelezwa pamoja na Stephen Rollnick, na wapimaji wake huhesabu: mnasihi mzuri anaakisi mara mbili kwa kila swali moja analouliza. Hesabu zako katika safu ya pili. Mwanzoni utajikuta una maswali 15 na kuakisi 1. Usishtuke, kikao kinachofuata punguza.

Hili la kuacha ghafla tunalisema kwa mkazo kwa sababu linaua. Mnywaji wa kila siku akikwambia "kuanzia leo nimeacha", usimpongeze na kumruhusu aende. Muulize alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, kama asubuhi mikono hutetemeka hadi anywe, na kama amewahi kuanguka degedege. Kutetemeka na kutoka jasho huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda. Huyo ni mgonjwa wa hospitali usiku uleule, si wa kuombewa au kufungiwa chumbani. Mwenye historia ya degedege unampa rufaa kabla hajaacha. Dawa si kazi yako. Kazi yako ni kujua saa na kujua mlango wa kupeleka.

Unga ni kinyume chake. Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hulegea ndani ya wiki au siku 10. Inatesa, ila mara chache inaua. Hatari ya unga iko mbele, baada ya mtu kuacha. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga umesahau ustahimilivu wake. Akirudia kiasi kilekile cha zamani, pumzi inaweza kukata. Kila anayetoka soba hausi (nyumba ya waraibu wanaoacha), mahabusu au wodini aelezwe hivyo waziwazi, na mtu anayeishi naye aelezwe pia, kwa ridhaa yake.

Mwisho wa hili, siri. Mwalo ni mdogo kuliko unavyodhani. Ukikutana na mteja sokoni subiri akusalimie yeye. Fomu ziandikwe namba, si jina, na zisipande daladala. Dakika tano za kwanza za kikao cha kwanza mweleze mipaka ya siri kabla hajasema lolote: hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, mtoto anayeteswa, na amri ya mahakama. Ukisubiri hadi aseme ndipo umwambie, umemtega. Na katika maandishi yako usiandike "teja", hata kama mtaani ndilo neno. Andika "mtu anayetumia heroini". Faili lako litasomwa na nesi, na daktari, na pengine na yeye mwenyewe.

Niko kwenye methadoni, chuo kitanipokea?

*Nina miaka 29. Nilitumia unga miaka sita, sasa niko kwenye methadoni na sijagusa kete kwa miezi 14. Kidato cha sita nilifaulu vizuri kabla ya yote. Nataka kusomea unasihi. Je, nilazimike kujieleza? Na kuna anayeniambia eti methadoni ni unga wa serikali, kwa hiyo bado sijaacha. – Kijana, Mabatini*

Ndugu yetu, hongera kwa miezi 14, na tunaisema kwa moyo wote. Methadoni ni dawa. Kliniki ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na hapa Mwanza huduma ipo Sekou Toure. Dozi moja inashikilia mwili kwa takriban siku nzima, arosto haiji, na kichwa kinabaki huru kwa masomo. Anayekwambia bado hujaacha hajui anachokisema.

Fomu ya udahili inauliza matokeo yako, si historia yako ya tiba. Huna deni la kuieleza darasani. Mtu mmoja tunakushauri umwambie, mratibu wa fildi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, usipangiwe kituo ulichotibiwa: wauguzi waliokuwa wakikupa dozi hawatakusimamia sawasawa, na wateja uliokuwa nao maskani hawatakuona mnasihi. Ya pili ni ratiba. Methadoni kwa kawaida inanywewa kliniki mbele ya muuguzi. Kabla ya kupanga chumba, linganisha saa za kliniki na kipindi cha kwanza cha asubuhi, na upime safari ya daladala kwa siku ya foleni, si ya Jumapili. Ukipangiwa fildi mkoa mwingine, iombe kliniki barua ya uhamisho wiki kadhaa kabla, yenye kiwango cha dozi na tarehe ya dozi ya mwisho. Huduma ipo pia Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na Tanga. Ukikosa siku tatu mfululizo usirudi kwenye kiwango chako kana kwamba hakuna kilichotokea. Waambie wakupime upya, maana ustahimilivu umeshuka.

Ushauri wetu ni kwamba usikae na mteja peke yako kabla hujatimiza miaka miwili ya utulivu. Kwako hilo halina shida: ukiingia chuo mwaka huu, mwaka wa kwanza mara nyingi ni nadharia, na fildi nzito itakukuta umeshavuka. Kuhusu kumwambia mteja kwamba nawe umepitia, jiulize kwanza maneno hayo yanamsaidia nani, na umuulize msimamizi kabla ya kikao. Yakitoka kwa sababu wewe ndiye uliyehitaji kuyasema, mteja ataanza kukuhudumia wewe.

Shahada ya Marekani kwa mtandao

*Wakala fulani ananiuzia nafasi ya shahada ya ushauri wa uraibu ya chuo cha Marekani, nasoma nikiwa nyumbani Ilemela. Anasema nitamaliza kwa miezi 12 kwa sababu ya "uzoefu wa maisha", halafu nina leseni ya kufanya kazi popote. Ni kweli? – Msomaji, Ilemela*

Hapana, usilipe. Marekani ziko shahada halisi za uraibu, tena nzuri, ila haziendi hivyo. Shahada yao ya kwanza huwa na krediti 120 za muhula, na kila moja ni kama saa 45 za kazi ukijumlisha darasa na kujisomea, yaani saa 5,400. Kwetu shahada ni krediti 360 za saa 10 kila moja, saa 3,600. Usidanganywe na udogo wa ile 120. Saa 5,400 haziingii katika miezi 12 ya mtu mwenye kazi.

Leseni nayo Marekani hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake. Minnesota, kwa mfano, inataka shahada pamoja na saa 880 za mafunzo ya vitendo. Hakuna leseni ya "popote". Ukikutana na chuo unachokidhania ni cha kweli, kiandikie maswali matatu: kina ithibati ya chombo kipi kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, je, programu yenyewe imepitishwa na NASAC, tume yao ya ithibati ya masomo ya uraibu, na nani atanisimamia fildi nikiwa Mwanza, ana sifa gani? Swali la tatu ndilo linalowatoa jasho. Jibu likishakuja kwa maandishi, lipeleke TCU uulize kama tuzo hiyo itatambuliwa, kabla ya malipo.

Kama unachotaka ni maarifa ya uraibu juu ya shahada uliyonayo, kuna njia ya bei ndogo zaidi: mtaala wa kimataifa wa tiba ya uraibu, UTC, uliotengenezwa chini ya shirika la kimataifa la Colombo Plan. Ngazi ya msingi ina kozi 8, kuanzia dawa zinavyofanya kazi mwilini, kupitia tathmini na usimamizi wa kesi, hadi dharura na maadili. Uanachama wa ISSUP, jumuiya ya kimataifa ya wenye fani hii, ni wa bure na huko hutangazwa mafunzo. Baadaye unaweza kufanya mtihani wa ICAP, cheti cha kimataifa cha fani hii. Haya yanakaa juu ya shahada, hayachukui nafasi yake.

Ajira zipo?

*Nisome kwanza au niangalie ajira kwanza? – Msomaji, Magu*

Angalia kwanza. Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo ya maafisa ustawi wa jamii ya miaka miwili mitatu iliyopita, na uandike majina ya shahada yaliyotajwa. Shahada unayoiwazia isipotajwa hata mara moja, badili jina la shahada, ndoto usiibadili. Soba hausi na asasi za kiraia nazo huajiri, lakini kabla ya kusaini uliza kama nyumba hiyo inatambuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na kumbuka kwamba mwenye mkopo wa HESLB akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Mwanangu amerudi amebadilika

*Binti yangu yuko fildi, kituo cha waraibu. Alikuwa mchangamfu, sasa akirudi anakaa kimya, chakula anagusagusa tu. Nikimuuliza kulikoni, anasema hawezi kusema. Nimwachishe? – Mama, Nansio*

Shikamoo mama. Usimwachishe bado. Kusema kwamba hawezi kusema ni dalili kwamba amefundishwa vizuri: habari za wateja haruhusiwi kukueleza hata wewe. Lakini uzito anaurudisha nyumbani, na uzito huo una mahali pa kutuliwa, ambapo ni kikao chake na msimamizi. Muulize swali hili tu: "Msimamizi wako mmekaa lini mara ya mwisho, saa nzima, mkazungumza?" Akijibu kwamba ni zaidi ya wiki mbili, tatizo liko hapo. Amwandikie mratibu wa fildi chuoni aombe kikao kila wiki. Ni haki yake. Akikosa usingizi kwa wiki mbili, au akianza kusema maisha hayana maana, mpelekeni kwa mtaalamu bila kungoja fildi iishe.

Nyumbani, mama, akifika usimuulize majina wala nani kalia leo. Mwachie nusu saa ya kukaa peke yake. Uji ukiwa tayari mwite, na mzungumzie mambo ya shamba.